Nani Huyu Pichani? Ushahidi wa Albamu za Unguja

Kazi ya kupiga picha ilianza mapema Unguja. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio Mji Mkongwe, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendeshwa na mwanawe Rohit. Picha moja iliweza kutolewa nakala kadhaa: ya kubaki nyumbani, na za kupelekewa jamaa Pemba, Mombasa au Maskati. Mara nyingi aliyemo hakuandikwa jina, maana kila aliyepokea alimjua. Pengo hilo ndilo linalowahangaisha wajukuu leo, nao hukimbilia kwa wazee. Ni vyema wafanye hivyo, ila jina analolitaja mzee lisichukuliwe kuwa hukumu. Ni ushahidi: lipimwe, lilinganishwe, na liandikwe pamoja na jina la aliyelitaja.

Kipimo cha kwanza ni picha yenyewe. Muhuri wa studio huonyesha mahali na husaidia kukadiria miaka. Kanga nazo husaidia, kwa kuwa misemo yake iliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, zile za Kilatini zikaja baadaye. Bibi aliyejitanda kanga ya herufi za Kilatini hawezi kuwa yule aliyefariki kabla herufi hizo hazijaanza kutumika. Lakini vazi linalotaja wakati laweza kuficha cheo. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na waliopata uhuru wakajivika kofia, viatu na buibui, mavazi yaliyokuwa alama ya waungwana. Mjukuu anayeona kanzu safi na kukata shauri kwamba babu alikuwa mwana wa tajiri huenda anatazama jambo kubwa zaidi, yaani mtu aliyekuwa akijitangazia heshima mpya.

Wapo watakaosema kumbukumbu za wazee hazitegemeki, afadhali kushika muhuri na kitambaa. Ni kweli wazee husahau, na wengine huchanganya dada wawili waliofanana. Ila muhuri hautaji jina la mtu, na hitilafu za wazee zina mafunzo yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, koo nyingi zilitawanyika: albamu ikaenda Maskati au London, na baadhi ya waliowajua watu wa pichani wakabaki Unguja. Tawi moja likisema mwanamke aliyesimama pembeni ni mtumishi tu, na tawi jingine likimwita shangazi, tofauti hiyo yaonyesha nani alihesabiwa kuwa wa nyumba na nani aliwekwa kando. Huenda jina lake kamili wanalo wajukuu zake mwenyewe huko Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Kumuuliza mwenye albamu peke yake ni kuiachia familia iliyomiliki kamera na nyumba isimulie historia ya wote waliokuwamo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la stara. Baadhi ya picha za wanawake zilipigwa bila buibui kwa sharti kwamba zitaonwa na mahram, yaani jamaa wa kiume wasioweza kuwaoa, na wanawake wenzao. Kuzirusha leo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia ni kuvunja ahadi aliyopewa marehemu asiyeweza kujitetea. Lakini stara inazuia kuonyesha, haizuii kuuliza. Picha yaweza kupitishwa mkono kwa mkono miongoni mwa wanawake wa ukoo, na majina pekee ndiyo yakasambazwa kwa wengine. Na pale majina yanapogongana, yaandikwe yote, kila moja na msemaji wake na mwaka aliolisema, kwa sababu anayefuta moja leo anamnyima mtafiti wa kesho, na huenda mwenye picha mwenyewe, nafasi ya kusahihisha.