Klabu Himilivu

Karatasi iliyonikera ina kurasa chache tu. Iliandikwa kwa ajili ya viongozi wa timu za mpira hapa Bujumbura, ikatafsiriwa kutoka Kifaransa na watu ambao, kwa heshima wanayostahili, sitawataja, na kichwa chake ni “Umiliki wa Klabu, Matumizi na Mafanikio Endelevu”. Ndani yake endelevu limetapakaa kila aya: bajeti endelevu, mishahara endelevu, usajili endelevu. Nilivumilia mpaka nilipofika kwenye “deni endelevu”. Hapo niliiweka chini. Deni endelevu, kwa Kiswahili nilichokulia nacho Buyenzi, ni deni lisilokwisha, na hakuna kiongozi wa timu anayehitaji semina ili alipate.

Msomaji wa safu hii hahitaji kuelezwa dhana yenyewe. Tunajua sote tofauti kati ya klabu inayotumia kwa kadiri ya inachoingiza na klabu inayotumia kwa kadiri ya mapenzi ya mtu mmoja. Shida ni jina.

Endelevu kwa umbo lake halina kasoro. Enda, endea, endelea. Kisha kiambishi -vu, ambacho humpa mtu au kitu sifa ya kutenda jambo hadi likawa tabia yake. Asikiaye ni msikivu, aliyetulia ni mtulivu, avumiliaye ni mvumilivu. Kwa hiyo kiendeleacho ni endelevu, na yeyote aliyeliunda alijua kazi yake. Kasoro iko kwenye maana. Neno hili linasema habari za mwendo na muda, basi. Halisemi kinachoendelea kinaendelea kwa nguvu ya nani wala kwa gharama ya nani. Ugomvi wa majirani unaweza kuwa endelevu. Hasara inaweza kuwa endelevu, na wahasibu kadhaa wa mji huu watanishuhudia.

Chanzo cha kosa nakijua. Sisi wa Bujumbura tukitaka Kiswahili cha ofisini hupitia Kifaransa kwanza, na Kifaransa kina durable, kutokana na durer, yaani kudumu. Kirundi nacho kina kurama, kuishi siku nyingi. Mtafsiri wetu alikuwa na durable mkononi na kurama moyoni. Alipokutana na endelevu, lililokwisha kugongwa muhuri na “maendeleo endelevu” ya Umoja wa Mataifa, aliona ndugu watatu wanafanana sura akafunga kazi. Hakujisumbua kuuliza istilahi yenyewe ilizaliwa wapi. Kiingereza kina sustainable, ambalo mzizi wake ni Kilatini sustinere: sub, chini; tenere, kushika. Kushikilia kitu kutoka chini kisianguke. Taswira iliyomo humo haina safari wala siku nyingi. Ina mzigo, na aliye chini ya mzigo.

Kwa mzigo na mbebaji wake, Kiswahili hakijawahi kuwa maskini. Kipo kitenzi himili, kutoka Kiarabu hamala, kubeba, na ukoo wake ni mkubwa kuliko wanavyodhani wanaokaa kwenye kamati. Hamali, mchukuzi wa bandarini na mwenye gari la kusukuma, ni wa ukoo huo. Himila ni mzigo, na pia ni mimba, kwa kuwa mama naye amebeba. Stahimili na stahamala ni kubeba kwa moyo pale mgongo unapokuwa hauna la kufanya. Na yupo mhimili, boriti au nguzo inayopokea uzito wa jengo, ambayo wanasiasa wameichukua wakapata mihimili ya dola. Ukikipa kitenzi hicho kiambishi kile kile cha -vu unapata himilivu: kile ambacho uzito wake unabebeka, au kile chenye uwezo wa kuubeba.

Sijalitunga mimi, na hilo nalisema ili wale wanaonituhumu kwa kupenda kuzaa maneno wapumzike. Wizara ya Fedha ya Tanzania, inapoeleza hali ya deni la taifa, husema deni ni himilivu. Tazama ukali wa jicho lao. Kwenye maendeleo waliacha endelevu lipite. Kwenye deni, neno lile lile la Kiingereza likiwa mezani, walikataa, kwa sababu waziri anayesimama bungeni kutangaza kwamba deni letu ni endelevu atazomewa kabla hajafunua ukurasa wa pili. Watu wa hesabu waliona kile ambacho watu wa lugha hawakukiona. Ninachodai ni kwamba mpira ufuate hesabu.

Chukua Yanga. Yusuf Manji aliongoza klabu hiyo tangu 2012, na mishahara na usajili vikawa havina shaka maadamu yeye yupo. Mei 2017 akajiuzulu. Kilichofuata kila shabiki wa Afrika Mashariki anakijua kwa jina lake la mtaani: kutembeza bakuli. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongo, alijikuta anahamasisha michango ya wanachama huku akipanga kikosi, na watani wao wa Msimbazi, Simba, hawajaacha kuwakumbusha hadi leo. Sasa mwulize mtetezi wa endelevu: Yanga ile ilikosa nini? Haikukosa kuendelea. Imeendelea bila kusimama tangu 1935, na kwa kipimo hicho ni endelevu kabisa. Ilichokosa ni uhimilivu. Mzigo ulikuwa umewekwa juu ya mhimili mmoja, na mhimili ulipoondoka paa likashuka. Baadaye ilikuja kampuni ya GSM, timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na furaha ikarudi Jangwani. Lakini mwenye kamusi mkononi ataona kwamba mhimili mwingine umesimikwa palipokuwa na ule wa kwanza.

Simba walijaribu njia ya karatasi. Mwaka 2017 wanachama waliridhia mabadiliko, na Mohammed Dewji hatimaye akapewa nafasi ya kuwa na asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na 51. Miaka iliyofuata imejaa mabishano juu ya fedha hizo na juu ya nani hasa ana sauti, na siingii humo. Nasema tu kwamba ubishi wote ulikuwa juu ya uzito na mabega: kiasi gani, na nani anabeba sehemu ipi. Sijasikia mwanachama aliyesimama mkutanoni kubishania muda.

Upande wetu wa ziwa mambo ni wazi zaidi, kwa sababu hatuna hata hizo asilimia za kugombania. LLB ilitwaa ubingwa wa nchi ikiwa imebeba jina la Lydia Ludic, kampuni ya michezo ya kubahatisha, kwenye jina lake lenyewe. Aigle Noir ya Makamba, bingwa wa 2019, haitajwi bila kutajwa Révérien Ndikuriyo, ambaye kwa kipindi fulani aliongoza Seneti na shirikisho la soka kwa pamoja. Ubingwa umetembea: Ngozi 2018, Makamba 2019, Flambeau du Centre ya Gitega 2022, Bumamuru 2023, kisha ukarudi mjini kwa Vital’O 2024. Wapo wanaouita mzunguko huo ushindani. Mimi naona mhimili unahama mkoa hadi mkoa.

Na Vital’O, ambao zambarau yao nimeivaa tangu utotoni na siombi radhi, ndio kielelezo kinachoniuma. Mwaka 1992 walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Mwaka 2013 walitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuwafunga APR ya Rwanda, na mfungaji wao Amissi Tambwe hakukaa: mwaka huo huo alikuwa Simba, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania, kisha akarudia akiwa na Yanga. Agosti 2024 wakakutana na Yanga hiyo katika Ligi ya Mabingwa. Mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyoitwa ya nyumbani, kwa kuwa Burundi haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF. Nne bila, kisha sita bila. Klabu hii imeendelea kwa vita na kwa amani. Imezaa wachezaji ambao wengine wamewavuna. Endelevu? Mno. Sifa hiyo haikuwanunulia hata nyasi.

Hapa lazima niseme neno juu ya majina tunayowapa wenye fedha, kwa sababu uvivu wa istilahi ulianzia hapo. Mfadhili ametoka kwenye fadhila: anatoa kwa hisani, na hisani haidaiwi mahakamani. Mdhamini ametoka kwenye dhamana: huyu anatakiwa kusimama pale mwenye deni anapokimbia, jambo ambalo sijaona mdhamini wa jezi akilifanya. Mmiliki ana milki, na milki huuzwa. Mwekezaji anaweka ili arudi kuchukua. Tajiri, kama mashabiki wa Dar wanavyomwita bila haya, kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu. Ni Waswahili waliomvika utajiri, na huenda ni kwa sababu walikuwa wanamkopa. Watu watano, mikataba mitano tofauti. Karatasi yetu ya semina imewaita wote “wadau”. Nikiwa na adabu nasema hiyo ni tafsiri pana.

Nimesikia pia kambi ya neno kujitegemea. Wanalipenda kwa sababu za Azimio la Arusha, nami namheshimu marehemu Mwalimu Nyerere kama wao. Lakini klabu yenye mwekezaji halali mwenye asilimia zake haijitegemei kwa maana ya 1967, na bado inaweza kuwa salama kabisa, ilimradi uzito haukupita mabega. Mwingine, msomi ambaye makala zake huzidi kurefuka kadiri hoja inavyofupika, amependekeza udumifu. Huyo ametoka shimoni akaingia mtaroni: kudumu ni muda ule ule, umevaa kanzu.

Wanaotaka ushahidi kutoka Ulaya watazame UEFA. Kanuni zao za 2010 ziliitwa kwa jina la uungwana wa kifedha, na wafasiri wetu wakakimbilia “mchezo wa haki wa kifedha”, kibwagizo ambacho hakuna mchezaji, mwamuzi wala mhasibu aliyewahi kukitamka akiwa timamu. Mwaka 2022 UEFA wenyewe walilitupa jina hilo wakashika lile la sustinere. Wakaja na kipimo: gharama za kikosi, yaani mishahara, usajili na malipo ya mawakala, zisizidi asilimia 90 ya mapato msimu wa 2023/24, kisha 80, kisha 70 kuanzia 2025/26. Katika uwiano huo, sehemu ya juu ni mzigo, sehemu ya chini ni mbebaji. Mtu anayeweza kuusoma uwiano huo na bado akaandika endelevu ana ugomvi na hesabu, si nami.

Na TP Mazembe ya Lubumbashi, ambayo hutajwa kila mara kama mfano mwema? Moïse Katumbi ameiongoza tangu 1997, akajenga uwanja, akashinda Ligi ya Mabingwa 2009, 2010 na 2015, akamnunua Mbwana Samatta kutoka Simba na kumwuza Genk. Kati ya 2016 na 2019 alikuwa uhamishoni. Klabu ilitwaa Kombe la Shirikisho 2016 na 2017, na tangu hapo timu yake ya wanaume haijapata taji la Afrika. Naiweka katikati: ina uwanja wake na mapato ya kuuza wachezaji, ambavyo ni mabega ya kweli, na bado inasikia maumivu mtu mmoja akiugua au akifungiwa mpaka.

Matumizi kwa ufupi. Klabu himilivu, matumizi himilivu, deni himilivu, bila kiambishi cha ngeli. Nomino ni uhimilivu. Kinyume chake sema tu mzigo uliozidi. (Na ni klabu, si vilabu. Vilabu ni vya pombe, ingawa katika ligi iliyobeba jina la bia ya Primus namwelewa anayechanganya.)

Limebaki jambo la f. Pendekezo langu la neno hili niliwahi kuliwasilisha kwa maandishi kwenye kikao fulani cha istilahi. Halikujadiliwa. Muhtasari ulipotoka niliona limeorodheshwa chini ya “mengineyo”, likiwa limeandikwa himilifu. Katibu alipoulizwa alitaja kamilifu na adilifu kama ushahidi. Kamilifu limetoka kwa kamili, ambalo tayari ni sifa. Ndugu wa tumbo moja wa himilivu ni stahimilivu, na huyo sijakuta aliyemwandika kwa f, hata katika muhtasari wa kikao kile, ambao ukurasa wake wa kwanza unawashukuru wajumbe kwa moyo wao wa ustahimilivu.