Lisbon, 1944–1965: Shule ya Mkoloni na Fikra za Ukombozi

Historia ya ukombozi wa makoloni ya Ureno kwa kawaida huanza kuelezwa kutoka msituni, pale risasi ya kwanza ilipolia. Lakini mapambano yale yalikuwa na chimbuko jingine, tena ndani ya mji mkuu wa mkoloni mwenyewe. Ni muhimu kada na mwanafunzi walielewe.

Kwanza tuangalie hali halisi ya wakati ule. Hadi mwaka 1962 hapakuwa na elimu ya chuo kikuu Angola wala Msumbiji. Aliyetaka kuendelea baada ya sekondari ilimbidi aende Ureno. Sheria ya kikoloni iliwagawa Waafrika mafungu mawili: "wenyeji", ambao ndio karibu umma wote, na wale waliohesabiwa kuwa wamekwisha kuwa Wareno kwa lugha na mwenendo. Mwaka 1950, kati ya Waafrika zaidi ya milioni tano wa Msumbiji, hao wa fungu la pili hawakufika 5,000. Shabaha ilikuwa wazi: kuunda kikundi kidogo cha kusaidia kuutawala umma.

Kwa shabaha hiyo hiyo, mwaka 1944 serikali ya Salazar iliunga mkono kuanzishwa kwa Nyumba ya Wanafunzi wa Dola mjini Lisbon. Ilitaka vijana wa makoloni yote wawe mahali pamoja, iwachunge kwa urahisi na kuwatia kasumba ya dola moja. Hapo mkoloni alijipalia makaa. Kijana wa Angola sasa alikula na kusoma pamoja na wenzake wa Msumbiji, Guinea na São Tomé. Walipolinganisha habari za kodi, za kazi za shuruti, za pamba ya lazima na za mashamba ya kakao, walitambua kwamba kila mmoja alikuwa akieleza unyonyaji ule ule.

Miongoni mwao walikuwamo Amílcar Cabral, aliyefika mwaka 1945 kusomea kilimo, Agostinho Neto, mwanafunzi wa udaktari, na Mário de Andrade. Mwaka 1951 walishiriki kuanzisha Kituo cha Mafunzo ya Afrika, wakikutana nyumbani kwa familia moja ya São Tomé. Hapo walifundishana historia, lugha na uchumi wa Afrika, mambo ambayo darasa la Mreno liliyaficha. Polisi wa siri hawakulala. Eduardo Mondlane, aliyefika mwaka 1950, aliandamwa hata akahamia Marekani. Neto alitiwa gerezani zaidi ya mara moja kabla ya kupata shahada mwaka 1958.

Cabral aliajiriwa na serikali ya kikoloni kama bwana shamba, na mwaka 1953 akaongoza sensa ya kilimo nchini Guinea. Mkoloni alitaka takwimu. Cabral alizikusanya, na papo hapo akawajua wakulima na matatizo yao. Mwaka 1956 chama cha PAIGC kilizaliwa.

Vita vilipoanza Angola mwaka 1961, wanafunzi wapatao mia moja walitoroka Ureno kwa siri. Kati yao walikuwamo Joaquim Chissano na Pedro Pires, ambao baadaye walikuwa marais wa Msumbiji na Cape Verde. Tarehe 25 Juni, 1962, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam, Mondlane akiwa Rais wake. Serikali ya Ureno iliifunga Nyumba ile mwaka 1965, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Tunajifunza nini? Wako waliopita katika vyuo vile vile wakarudi kuutumikia ukoloni. Kwa hiyo si shahada wala mji wa Ulaya uliozaa wanamapinduzi. Walioongoka ni wale waliojipanga pamoja, wakajielimisha juu ya kwao, na kuukabidhi umma ujuzi wao. Cabral mwenyewe aliliona jambo hili kwa undani. Mwaka 1966, mjini Havana, alieleza kwamba tabaka la wasomi wadogo lina njia mbili: ama kuusaliti umma, ama kujiua kama tabaka na kuzaliwa upya katika matakwa ya wafanyakazi na wakulima.

Uhuru wa bendera haukulimaliza swali hilo. Kila anayesomeshwa kwa jasho la wengi, nyumbani au ng'ambo, bado anapaswa kulijibu kwa matendo yake.