Masuke ya Millet Yaliyowatisha Wakubwa wa Paris

Mwaka 1857 Jean-François Millet alipeleka picha kwenye Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, na wahakiki kadhaa wakaingiwa na hofu. Haikuwa na bunduki wala bendera. Ilikuwa na wanawake watatu wanaookota masuke ya ngano yaliyosazwa na wavunaji.

Kuokota masazo, kama Ruthu wa Biblia alivyofanya katika shamba la Boazi, ilikuwa haki ya maskini wa mashambani Ufaransa. Millet, mtoto wa mkulima wa Normandy, alishika jembe kabla ya brashi, na tangu 1849 aliishi kijijini Barbizon. Ndiyo maana kazi ya mwili ameichora bila kubahatisha. Mwanamke wa kushoto ameinama, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni umeshika kifungu cha masuke. Wa kati naye kainama. Wa tatu ameinuka nusu. Mgongo bado haujakubali kunyooka. Nyuso hazionekani vizuri. Mbali kabisa, kwenye mwanga, kuna marundo ya ngano, mkokoteni, na msimamizi juu ya farasi. Shibe yote iko kule.

Kilichowaudhi wengi ni ukubwa wa hawa akina mama. Nafasi ya mbele, waliyozoea kupewa miungu na majemadari, imechukuliwa na watu wa viatu vya mbao. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa hayajasahaulika, na mhakiki mmoja alidai kuona nyuma yao majukwaa ya kukatia watu vichwa ya 1793, wakati wa Mapinduzi ya kwanza ya Ufaransa. Millet alikana kwamba yeye ni msoshalisti. Namwamini, ila nadhani wale waoga waliielewa picha kuliko alivyotaka kukiri.

Aliiuza kwa faranga 3,000, chini ya bei aliyotaka. Alifariki 1875. Mwaka 1889 picha yake nyingine, "Angelus", ya mume na mke wanaosali shambani mwa viazi, ilinadiwa kwa faranga 553,000. Yeye alikuwa ameiuza kwa takriban 1,000. Matajiri sasa waligombania wakulima wale wale, mradi wamo ndani ya fremu.

Kisa hicho kilitajwa sana katika madai ya haki za wasanii. Mwaka 1920 Ufaransa ikapitisha sheria inayompa msanii, au warithi wake, sehemu ya fedha kila kazi yake inapouzwa tena mnadani.