Vitu Tuli: Jina la Picha ya Mzigo Uliotuliwa

Asubuhi moja katika soko la Kasulu, mama mmoja aliyetoka mashambani alitua kikapu chake, akatandika kiroba chini, akaanza kupanga mafungu ya parachichi. Matatu chini, moja juu. Fungu la mwisho likagoma: parachichi la juu liliporomoka, likabingirika hadi miguuni pangu. Nikaliokota, nikamwamkia shikamoo na kumrudishia. Alilizungusha mkononi mpaka kikonyo kikaelekea pembeni, kisha akalikalisha taratibu juu ya mengine. "Yasipotulia, mwanangu, mteja haoni fungu," akasema. "Anaona parachichi tu."

Maneno yale yalinikaa, kwa sababu yanaeleza vizuri aina ya picha ambayo Waingereza huiita still life. Katika picha ya namna hii, mchoraji huchagua vitu vya kawaida kama matunda, vyombo, maua, mkate au samaki, akavipanga pamoja, kisha akavichora vile mwanga unavyoviangukia. Hakuna tukio linalosimuliwa. Mtu haonekani, ila mkono wake unajulikana kwa namna vitu vilivyopangwa.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Lugha za Ulaya zenyewe hazikubaliani. Waholanzi wa karne ya 17 walisema stilleven, yaani maisha yasiyojongea, na Wajerumani na Waingereza wakafuata njia hiyo. Wafaransa wakasema nature morte na Waitaliano natura morta, yaani asili iliyokufa. Sahani ni ileile ya matunda, lakini wa huku wanaiita uhai na wa kule wanaiita mauti. Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno haitufikishi mbali. Ukimwambia mtu wa Kibondo "maisha tuli", atafikiri unazungumzia mstaafu aliyerudi kijijini kulima maharage. Ukimwambia "asili mfu", atafikiri msitu umeteketea.

Pendekezo la tatu ni "vitu visivyo na uhai". Hili lina nia njema, lakini linagongana na sarufi yetu. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika akishavuliwa, akasafirishwa hadi Kasulu na kukaangwa, bado tunasema "samaki huyu ameiva", kwa upatanisho uleule wa mtu na mnyama. Kiswahili hakimvui samaki ngeli yake kwa sababu amefika sahanini. Ua lililokatwa leo nalo linaendelea kufunguka ndani ya glasi. Kinachounganisha vitu hivi ni kwamba vimewekwa mahali na vikatulia. Kufa si sharti.

Hapa inafaa kumtazama mchoraji wetu mmoja. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Trowell hakupenda kuwawekea wanafunzi wake vyombo mezani wavinakili kama ilivyofanywa Ulaya. Aliwasimulia mandhari au kisa, nao wakachora walichokiona moyoni. Ntiro aliendelea kuchora kazi na safari za watu wa kwao. Picha yake ya mwaka 1956, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York, inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Vyombo vimo, lakini vimo safarini. Mzigo haujatuliwa.

Miaka hiyohiyo ya 1950, huko Bologna, Italia, Giorgio Morandi alikuwa akifanya kinyume chake. Chumba alichochorea ndimo alimolala, na nyumbani aliishi na dada zake watatu. Kwa miaka mingi alichora chupa, birika, makopo na bakuli zilezile, akizisogeza kidogo tu kutoka picha hadi picha. Chupa nyingine alizipaka rangi isiyong'aa kabla ya kuzichora ili zisimrudishie mwanga, na vumbi akaliacha litue juu yake. Karibu kila picha aliiita Natura morta. Lakini ukizitazama chupa zile zilivyosogeleana kama ndugu wanaopiga picha ya ukumbusho, neno la kufa halikujii kabisa. Unaona utulivu.

Basi neno tunalo. Tuli ni hali ya kutojongea: tunasema kimya tuli, na walimu wa fizikia wamekwisha kutupa umeme tuli. Tulia lina undugu na tua, kitenzi cha anayeshusha mzigo kichwani. Napendekeza tuseme picha ya vitu tuli. Kwa wingi, picha za vitu tuli. Na fani yenyewe, uchoraji wa vitu tuli. Neno vitu linaonyesha kwamba hatusemi mlima wala ziwa, bali vya kushikika mkononi, vilivyowekwa na mtu. Neno tuli linanyamazia suala la uhai, kwa hiyo mgebuka, ua na birika vinaweza kukaa meza moja bila ugomvi. Zaidi ya yote, ni Kiswahili kinachoeleweka sokoni bila mkalimani.

Istilahi haisimami kwa kuandikwa kamusini tu. Husimama kwa kutumiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu, lakini darasa ndilo linalozoesha ulimi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa sanaa wa Kasulu na Kibondo. Msingoje chupa za Bologna. Wekeni mezani chupa ya mawese, kibuyu, konzi ya maharage ya njano na parachichi moja lililokatwa, karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa upande mmoja. Waambieni wanafunzi waangalie kivuli kinaanzia wapi kabla ya kushika penseli. Kisha andikeni ubaoni, kwa herufi kubwa: LEO TUNACHORA PICHA YA VITU TULI.