Mwanafunzi aliyeachwa nyuma: tuisheni si dawa

Mzazi anapoarifiwa kuwa mwanawe amebaki nyuma darasani, jambo la kwanza analowazia ni kumtafutia tuisheni. Aghalabu mtoto huyo huishia kuketi na wenzake wale wale, mbele ya mwalimu yule yule, akisomeshwa kitabu kile kile kilichomshinda asubuhi.

Masomo ya aina hiyo, ambayo lengo lake ni kumaliza silabasi mapema, hayana budi kutofautishwa na msaada wa kusoma na hesabu. Tuisheni hufuata kiwango cha darasa. Msaada hufuata kiwango cha mtoto, hata kama yuko Gredi ya 5 na somo linalomfaa ni la Gredi ya 2.

Tatizo lenyewe si geni. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni na madarasa mengi yakafurika. Shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto manyumbani mwaka wa 2009, na ripoti zake za mwanzo zilionyesha kuwa ni takriban wanafunzi 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili.

Kipimo ni chepesi, na mzazi yeyote ajuaye kusoma anaweza kukitumia. Mpe mtoto silabi chache, kisha maneno, kisha aya ya sentensi tatu au nne, na hatimaye hadithi fupi yenye maswali mawili. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia kumfunza.

Kiswahili kina nafuu yake, kwani huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyezishika silabi ba, be, bi, bo, bu hachelewi kusoma neno zima. Panapohitaji subira ni penye herufi zilizoungana, kama katika ng'ombe, nywele na mbwa.

Hesabu nazo zina vikwazo vyake. Mwanafunzi akiulizwa 52 kutoa 27, akajibu 35, hajakosea kwa uzembe. Alifunzwa kuwa nambari ndogo hutolewa kwenye kubwa. Basi akatoa 2 kwenye 7, na 2 kwenye 5. Kumpa maswali 20 zaidi ya namna hiyo ni kumzoesha kosa. Anachohitaji ni vijiti: vitita vitano vya kumi kumi na vijiti viwili kando, ili aone kwa macho yake kuwa sharti kitita kimoja kifunguliwe ndipo saba zipatikane.

Suala hili la kuanzia alipo mtoto limefanyiwa utafiti wa kina, na sehemu ya utafiti huo ni ya hapa kwetu. Katika miaka ya 1990, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walichunguza shule za Busia zilizopewa vitabu vya bure. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vyema. Vitabu hivyo vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na waliokuwa dhaifu hawakuweza kuvisoma.

Kuanzia 2005, Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizoongezewa mwalimu wa mkataba katika darasa la kwanza. Shule 61 kati ya hizo ziliwagawa wanafunzi kulingana na alama zao za mwanzo. Nyingine ziliwagawa bila kuzingatia alama. Baada ya miezi 18, shule hizo 61 zilikuwa mbele, na walionufaika ni wanafunzi wa kundi la juu na wa kundi la chini vilevile. Kremer na Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee, walituzwa Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019.

Hata hivyo mgawanyo huo una hatari ambayo walimu wengine huipuuza. Kundi likishaitwa la wajinga, mtoto hulichukia somo pamoja na anayelifundisha. Ni bora apimwe upya kila baada ya wiki chache, na akimudu aya, ahamishwe papo hapo bila kungoja muhula uishe.

Muda nao ni haba. Sera ya elimu huruhusu lugha ya eneo kutumika kufundishia hadi Gredi ya 3. Kuanzia Gredi ya 4 ni Kiingereza. Anayevuka hapo bila kujua kusoma hapotezi somo la lugha pekee, bali pia sayansi na masomo ya jamii.

Kuhusu likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada katika kifungu cha 37, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kifungu hicho hakimzuii mwalimu kutenga nusu saa ya ratiba ya kawaida ya muhula kwa ajili ya waliobaki nyuma.

Mzazi anayedaiwa ada ya masomo ya ziada na aulize jambo moja kabla ya kutoa pesa: mwanangu alipimwa lini, na alikwama wapi?