Sanamu ya Askari, na Mpagazi Asiyeonekana

Wengi wenu mmepata kufika Dar es Salaam, nanyi mmeiona sanamu ya shaba isimamayo katikati ya mji, mahali njia zikutanapo. Ni askari Mwafrika, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Siku moja tulisimama hapo pamoja na wanafunzi wetu, na mtoto mmoja akatuuliza, "Mwalimu, jina lake nani?" Tukayasoma maneno yote ya nguzo yake, tusione jina la mtu. Basi twataka kuwaeleza habari zake.

Zamani za Wadachi mji huu ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, aliyeshinda vita vya Bushiri vya mwaka 1888 na 1889. Yeye alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, waliiondoa. Hata mwaka 1927 ikawekwa hii tuionayo, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Hivyo askari aliyekuwa chini akasimamishwa juu peke yake. Lakini yuko mwenziwe asiyeonekana, naye ndiye mpagazi.

Katika vita vile vya 1914 hata 1918, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara zilikuwa chache. Kwa hiyo chakula, risasi na hata wagonjwa vilichukuliwa na wanadamu. Watu walikamatwa vijijini, wakaacha mashamba bila mkulima. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alitembea kwa miguu pamoja na wapagazi wake mwaka 1916, akaona taabu yao. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa, homa na kuhara damu. Kwa upande wa Waingereza peke yao hesabu yapata 95,000. Wale wa Wadachi hesabu yao haikutunzwa. Tena huko Ugogo vyakula na ng'ombe vilitwaliwa kwa ajili ya majeshi, mvua ikakosekana, ikaja njaa kuu iitwayo Mtunya. Wahenga walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Maneno ya nguzo ile, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yameandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu pia. Yawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, tena yawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ahadi ni njema. Lakini mwana atakumbukaje jina lisiloandikwa popote? Huko Nairobi sanamu ni tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi ameachiwa jina la mtaa tu, yaani Kariakoo, palipokuwa kambi ya kikosi chao.

Basi, ndugu, tusingoje wachongaji. Walioviona vita vile wamekwisha kufa, lakini wako wazee waliosimuliwa na baba zao. Tuwaulize: nani alichukuliwa katika kijiji chetu, nani hakurudi? Tuandike majina hayo katika daftari, tuyasome mbele ya watoto. Ndipo mtoto akituuliza tena, "Jina lake nani?" tutakuwa na la kumjibu.