Huna Taim ya Mazoezi? Jipime Kwanza: Namba 3 Zitakazokupa Programu Yako

Unarauka saa kumi na moja, mathree inakwama kwa jam, na ukifika keja usiku hata kuvua viatu ni kazi. Halafu beshte yako anakutumia programu ya jimu ya siku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza uko moto. Ya pili goti linalia. Ya tatu umesare.

Shida si uvivu, msee. Hiyo programu ilikuwa ya mwili wa mtu mwingine na ratiba ya mtu mwingine. Ukiwa na taim kidogo, lazima ujue unaanzia wapi. Hizi hapa namba tatu unazoweza kujipima bila kulipa hata bob.

Lakini kwanza: kama una presha, shida ya moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu ama una mimba, ongea na daktari kabla ya kujipima.

1. Mapigo ya moyo ukiwa umetulia

Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwa kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa sekunde 60. Fanya hivyo siku tatu, kisha utafute wastani. Kwa mtu mzima, kawaida ni kati ya 60 na 100. Ukizidi kuwa fiti, hii namba huwa inashuka mos mos.

2. Mbio za dakika 12

Hii ilitengenezwa na daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani, akaitangaza mwaka 1968. Pasha mwili moto, kisha kimbia mbali uwezavyo kwa dakika 12. Ukichoka, tembea, lakini usisimame. Raundi moja ya uwanja wa kawaida ni mita 400.

Chukua mita ulizomaliza, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Ukimaliza raundi tano, yaani mita 2,000, unapata kama 33. Hayo ni makadirio ya mililita za oksijeni ambazo mwili wako unaweza kutumia kwa dakika, kwa kila kilo ya uzito.

Kama hujakimbia miaka, anza na wiki tatu za kutembea haraka kabla ya hii. Na usijilinganishe na beshte wa Mombasa: Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo jamaa amekushinda kabla hujaanza. Jilinganishe na wewe wa jana.

3. Pushapu safi

Piga hadi pale mgongo unaanza kupinda, halafu uache. Zile za kudanganya hazihesabiki. Ukishindwa, piga ukiwa umeegemea meza, ilimradi next time utumie meza ileile.

Sasa tengeneza programu

Tuseme uko na miaka 27 na mapigo yako ya asubuhi ni 70. Toa 27 kwa 220, unapata 193. Toa 70, inabaki 123. Asilimia 60 hadi 70 ya hiyo, ukirudisha ile 70, ni mapigo kama 144 hadi 156. Hiyo ndiyo spidi yako ya mazoezi ya kawaida. Ile 220 ni makadirio tu, kwa hivyo sikiliza pumzi pia: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko sawa.

Wiki yako inaweza kukaa hivi:

- Jumatatu na Alhamisi, dakika 15: pushapu na skwati kwa keja. Kama namba yako ni 16, piga 8 kwa raundi nne.
- Jumanne, dakika 30: jogi kwa spidi yako.
- Jumamosi, dakika 40: jogi tena, pole pole.
- Siku za job: shuka mat mapema, utembee haraka dakika 20.

Jogi na kutembea pekee ni dakika 170. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 150 kwa wiki, pamoja na siku mbili za nguvu. Tena tangu 2020, hata zile dakika chache chache zinahesabika.

Baada ya wiki nane, jipime tena: uwanja uleule, saa ileile. Namba ikipanda, ongeza kidogo. Ikikwama, angalia usingizi na msosi kabla ya kuongeza mbio.

Ukitaka kulipa kocha

Kocha wa ukweli atakuuliza kuhusu majeraha, usingizi na saa za job, na atakupima kabla ya kukuandikia chochote. Akikutumia faili ileile ametumia kila mtu, umenunua karatasi.

Cheki Eliud Kipchoge. Akiwa bado kijana kule Nandi alimfuata Patrick Sang, aliyebeba fedha ya kuruka viunzi na maji Olimpiki ya Barcelona 1992. Sang hakumpa programu ya mwaka mzima. Alimpa ya siku chache, na akiimaliza anarudi kuchukua nyingine. Mwaka 2019, wawili hao wakiwa bado pamoja, Eliud alimaliza marathon kwa 1:59:40 kule Vienna.

Wewe huhitaji Vienna. Unahitaji kupanda ngazi za ofisi bila kuhema. Kesho asubuhi, kabla hujashika simu, shika mkono uhesabu.